Mimi ni mwembamba, sijakonda!

Najua nimepotea kitambo. Mniwie radhi, hapa Birmingham ni zamu za usiku tu, ukitoka unalala, ukiamka giza limeshaingia, unarudi tena kazini. Leo siwaletei picha za theluji wala umbea wa Waswahili wa huku. Leo nimekuja na hasira zangu, na naomba mnisome mpaka chini kabla hamjampigia mama simu kumwambia kuwa mwanawe kaanza kiburi cha Ulaya.

Nimechoka na neno moja. "Umekonda."

Nikipiga simu ya video, hata salamu haijaitikiwa: he, umekonda! Nikija likizo, pale stendi ya Tanga begi halijashuka kwenye buti la basi: jamani, hawakulishi huko? Mama mkubwa mmoja alinishika mkono kwa vidole viwili kama anayechagua kuku sokoni, akamgeukia mama, akatikisa kichwa. Na mama yangu mzazi, aliyenilea na anayejua fika kuwa niko hivi tangu darasa la kwanza, akaona haya utadhani alikuwa ananifungia chakula kabatini.

Ndugu zangu, sijakonda. Mimi ni mwembamba. Hivi ni vitu viwili na Kiswahili chetu kimevitenganisha vizuri kabisa, ila sisi wenyewe tunavichanganya. Kukonda ni jambo linalotokea: jana mwili ulikuwepo, leo haupo, kuna kitu kimeula. Wembamba ni umbo, kama urefu au ukubwa wa masikio. Babu, Mungu amrehemu, alikuwa mwembamba mpaka amepita miaka themanini, analima kule Muheza na minazi anapanda mwenyewe. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza kama anakula.

Hofu inatoka wapi naijua, na siidharau. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini kwetu walipatikana Kagera mwaka 1983, na kabla watu hawajajua jina la kitaalamu waliuita Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kinavuka mpaka. Upande wa pili, Uganda, wenyeji waliuita Slim, yaani wembamba wenyewe ndio ukawa jina la ugonjwa, na mwaka 1985 madaktari wakaandika kwa jina hilo hilo kwenye jarida la Lancet. Sisi tuliozaliwa miaka ile tulikua tunasikia "amekanyaga miwaya" kila mtu akipungua mwili. Aliyekonda alikuwa anasubiriwa kufa. Kwa hiyo unene ukawa cheti cha afya unachotembea nacho barabarani, huna haja ya kupima, watu wanakusoma mashavu. Sawa. Lakini dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure Tanzania tangu mwaka 2004! Leo mtu mwenye virusi anayemeza dawa zake vizuri anaweza kuwa kibonge kuliko nyote mlioko kwenye kundi letu la WhatsApp, na mwembamba asiye na ugonjwa wowote ndiye anayenyooshewa kidole. Cheti hicho kimekwisha muda wake, lakini tunaendelea kukidai.

Na kwa vile mimi ni nesi, nisije nikasemwa kuwa nimewaambia watu wasiende hospitali. Ukiona uzito umeshuka wenyewe, hujafunga, hujaanza mazoezi, na umepoteza kama kilo 3 katika kila 60 ndani ya miezi 6 hadi 12, nenda. Usingoje. Kifua kikuu, kisukari, tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi, virusi, minyoo, saratani, hata huzuni kubwa, vyote vinakula mwili. Waambie wapime makohozi, sukari na damu. Hiyo ni kukonda. Lakini mtu aliyekuwa na kilo 50 akiwa na miaka 18, na akiwa na miaka 28 bado ana 50 zake, anakula, analala, anapata hedhi yake vizuri, huyo hana cha kutibiwa. Muacheni.

Sasa nije kwenye lililonikera mpaka nikashindwa kulala wakati ndiyo siku yangu ya kulala.

Mwezi uliopita ilitumwa picha kwenye kundi letu. Mmoja wetu, sitamtaja, yeye anajijua na nimeshaongea naye, anaolewa Desemba. Mashavu yamejaa, shingo imejaa, hata macho yamekuwa madogo. Na chini ya picha mvua ya pongezi. Mashallah umenawiri. Sasa ndio umekuwa mtu. Bwana harusi kapata. Mimi nilipoiangalia ile picha sikuona kunawiri, niliona uso wa duara ninaouona wodini, kwa wagonjwa waliotumia steroidi miezi na miezi. Nikampigia pembeni. Vidonge vya aina mbili, kavinunua duka la dawa bila cheti cha daktari, kafungiwa kwenye kikaratasi bila jina. Miezi minne sasa. Nikamwambia apige picha maandishi yaliyomo kwenye vidonge vyenyewe na kwenye kopo alilochotewa muuzaji akiwa haangalii... na ilikuwa ile ile niliyodhani.

Cha kwanza ni siproheptadini. Hii ni dawa ya mzio, ya watu wanaowashwa na kupiga chafya, iko duniani tangu miaka ya 1960. Ina tabia mbili za pembeni: inaleta usingizi na inafungua hamu ya kula. Wauzaji wameichukua ile tabia ya pili wakaigeuza biashara. Ndiyo iliyomo kwenye ile sharubati ya Apetamin ambayo wasichana wa huku Uingereza nao wanaitafuta kwa ajili ya makalio, mpaka BBC ikatengeneza filamu mwaka 2021, maana Apetamin haijaidhinishwa Uingereza wala Marekani. Unakula sana, unalala sana, unanenepa. Ukiacha, hamu inaondoka na mwili unaondoka nayo. Na ulichoongeza ni mafuta, kwa sababu mtu anayesinzia kutwa hajengi msuli wowote. Unaendesha pikipiki umesinzia, unapika umesinzia, unanyonyesha umesinzia, ndiyo urembo huo.

Cha pili ndicho kilichoninyima usingizi. Deksamethasoni.

Hii dawa mimi naiheshimu. Juni 2020, wakati korona inatumaliza hapa na wenzetu wa kazini wanazikwa bila watu, utafiti wa RECOVERY uliofanyika kwenye hospitali za Uingereza ulionyesha kuwa deksamethasoni inapunguza vifo kwa takriban theluthi moja kwa wagonjwa waliowekwa kwenye mashine ya kupumulia. Ni dawa ya bei ndogo sana, na iliokoa watu. Mimi mwenyewe nimewapa wagonjwa kwa mkono wangu. Lakini mnajua dozi ilikuwa kiasi gani? Milligramu 6 kwa siku, siku zisizozidi 10, mgonjwa yuko kitandani na sukari yake inapimwa. Siyo miezi minne kutoka kwenye kikaratasi kisicho na jina!

Nieleze inavyofanya kazi, maana ukilijua hili hutapiga tena makofi. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotengeneza homoni ya kotisoli. Deksamethasoni ni ndugu wa kotisoli, ila nguvu zake ni mara 25 hivi. Ukiimeza muda mrefu mwili unashika maji na chumvi, na mafuta yanahamishwa kutoka mikononi na miguuni kwenda usoni, tumboni na nyuma ya shingo. Ndiyo maana ya ule uso. Wakati huo huo inavunja msuli, hasa wa mapaja na mabega, na kuupeleka kuwa sukari kwenye damu. Nisomeni tena hapo. Mtu mwembamba ambaye tangu mwanzo hana msuli wa kutosha anakula dawa inayomla msuli, na ndugu zake wanampongeza kwa sababu wanatazama mashavu. Muulizeni kama anapanda ngazi bila kushika ukuta. Mimi nilimuuliza. Alinyamaza.

Sijasema sukari kupanda, shinikizo la damu, mifupa kuwa laini, vidonda vya tumbo, kinga kushuka mpaka kifua kikuu kilicholala kinaamka. Na kuna hili la mwisho ambalo lazima lisomwe na kila mwenye mtu anayevitumia: MSIMWACHISHE GHAFLA. Ile tezi ya juu ya figo ikiona homoni inaletwa kutoka nje inalala. Ukikata dawa siku moja, mwili unabaki bila kotisoli kabisa, presha inashuka, mtu anatapika, anazimia, anaweza kufa. Aende hospitali na vidonge vyake mkononi, amwambie daktari ukweli, apunguziwe dozi kidogo kidogo. Yule wetu keshakwenda na anaendelea kupunguziwa. Wengine wangapi hawana nesi wa kumpigia?

Lawama yangu kwanza iko kwa wauzaji, wenye makoti meupe na wasio nayo, na wale wa mitandaoni wanaoweka picha mbili, kabla na baada, na namba ya simu. Mwenye duka anajua fika dawa hii inatakiwa cheti. Anaiuza kwa sababu mteja wa kunenepa ni mteja mtamu, harudi mara moja, anarudi kila wiki. Na bibi arusi anayezimia wiki mbili baada ya harusi hakuna atakayemhusisha na duka. Watasema kalogwa. Lakini lawama ya pili iko kwetu, na hapa ndipo mtakaponichukia. Mwenye duka hakumwambia yule msichana kuwa ni mbaya. Ni sisi. Ni "kimbaumbau" ya utotoni, ni shangazi aliyesema gauni litaning'inia kama kwenye henga, ni wifi mtarajiwa aliyeuliza kama ataweza kubeba mimba. Tumemsukuma mpaka mlangoni kwa muuzaji, muuzaji alifungua tu.

Vijana wa kiume nao msijione mmepona. Ninyi mnataka kifua. Kuna sindano zinazozunguka kwenye jimu za mtaani, homoni za kiume na jamaa zake, na sitawadanganya kuwa hazifanyi kazi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani waliwachoma wanaume testosteroni milligramu 600 kwa wiki kwa wiki 10, na hata wale ambao hawakufanya mazoezi yoyote waliongeza msuli. Inafanya kazi kweli. Ila ukiongeza homoni kutoka nje, korodani nazo zinalala kama ile tezi niliyoieleza, zinasinyaa, mbegu zinapungua mpaka kukosekana kabisa, na kuna wanaosubiri mwaka mzima na zaidi zirudi. Moyo unaweza kutanuka, damu inakuwa nzito. Kwa hiyo mtu anajenga kifua ili aoe, halafu anakaa kwenye benchi la kliniki ya uzazi na kifua chake. Na mke ndiye atakayesemwa, tunajuana.

Halafu kuna yale makopo makubwa ambayo vijana wawili wa ukoo wameniomba niwatumie. Unga wa protini ni maziwa jamani. Ni yale maji yanayobaki wenye viwanda wakishatengeneza jibini, yanakaushwa, yanatiwa ladha ya chokoleti. Siyo sumu, siyo uchawi pia, kijiko kimoja kinakupa protini gramu 20 hadi 25. Yale mengine yaliyoandikwa ya kuongeza uzito sehemu kubwa ni sukari. Kwa nini niwalipie usafiri wa sukari kutoka Uingereza?

Basi ngoja niwaambie mwembamba anavyojenga mwili, maana mimi nimeufanya huo mradi. Nilianza mwaka 2022 nikiwa na kilo 50 kwa urefu wa sentimita 168. Baada ya miaka miwili na nusu nilifika 58, na hapo ndipo nilipo. Kilo 8 kwa miezi 30! Najua mnacheka, muuzaji wa vidonge anakuahidi hizo kwa mwezi mmoja. Lakini zangu ni nyama. Nilianza kuchuchumaa na chuma kitupu cha kilo 20 mabegani, sasa nachuchumaa na 60, na wodini namgeuza mzee wa kilo 90 na mwenzangu mmoja bila mgongo kulalamika.

Kwanza ujue kuwa wewe siyo wa ajabu. Mwaka 2019 watafiti wa Cambridge walichunguza Waingereza wembamba zaidi ya 1,600, wakakuta wembamba una mizizi kwenye jeni, unarithiwa kama unene unavyorithiwa. Na kuna utafiti wa Mayo Clinic wa mwaka 1999 ninaoupenda sana. Watu 16 walilishwa kalori 1,000 za ziada kila siku kwa wiki 8. Wapo walioongeza mafuta zaidi ya kilo 4, na wapo ambao hawakufika hata nusu kilo. Chakula kilikwenda wapi? Waliobaki wembamba miili yao iliongeza mtikisiko: wanahangaika kwenye kiti, wanasimama, wanatembea tembea, hata hawajui. Nilipousoma nilimkumbuka mama alivyokuwa ananigombeza mezani kuwa nimekalia siafu. Kumbe siafu ndio waliokuwa wanakula ugali wangu.

Kwa hiyo "mimi nakula sana lakini sinenepi" siyo uongo, ila ni nusu ya habari. Mwembamba anakula sana Jumapili kwenye pilau, halafu Jumatatu anashindia chai ya rangi na andazi moja kwa sababu njaa haimsumbui. Mwili unajumlisha wiki nzima, haukumbuki Jumapili tu. Unatakiwa kuongeza kama kalori 300 hadi 500 kila siku, na hizo siyo sinia la pili. Ni uji uliochanganywa vijiko viwili vya siagi ya karanga, ndizi moja mbivu na glasi ya maziwa. Basi. Kila siku, hata siku ambayo hujisikii.

Protini, mtu anayefanya mazoezi ya nguvu anahitaji kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili wake. Mwenye kilo 50 ni gramu 80. Mnaona nyingi? Hesabuni na mimi: mayai matatu 18, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15, glasi mbili za maziwa 16, konzi mbili za karanga 13, na dagaa... Jamani dagaa! Dagaa wakavu zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Gramu 30 tu, kiasi cha kujaza kiganja, zinakupa 15 na zaidi. Mnawapa kuku dagaa halafu mnaniomba kopo la unga la pauni 40. Na bado sijahesabu ya kwenye ugali wenyewe.

Lakini chakula bila kazi kitakupa kitambi, na kazi isiyoongezeka haikupi kitu. Hapa ndipo shangazi aliponibana kwenye simu, na swali lake lilikuwa zuri kuliko ya wote: mbona wanawake wa kijijini wanabeba ndoo za maji tangu utoto na hawana hiyo misuli unayoisema? Jibu ni kwamba ndoo ni ile ile. Lita 20 ni kilo 20, leo, kesho na miaka kumi. Mwili ukishaizoea unatulia, hauna sababu ya kujiongeza. Na mara nyingi anayebeba ndoo ndiye anayekula wa mwisho, na mboga imebaki mchuzi. Msuli unajengwa pale mzigo unapokuwa mzito kidogo kuliko wa wiki iliyopita, ukaunyanyua mara 8 hadi 12 mpaka unaona mbili zilizobaki zingekushinda, ukarudia mara tatu, ukapumzika siku moja au mbili, ukalala usingizi wa kutosha. Mimi ni siku tatu kwa wiki, dakika 45. Wiki nikiwa usiku ni mbili. Hakuna zaidi.

Na shangazi yule yule akaongeza: lakini vyuma ni vya wanaume, utakuwa na mabega kama kuli. Shangazi yangu, nakupenda, ila njoo unisindikize wodini siku moja. Nafanya kazi wodi ya wazee. Nusu ya kazi yangu ni watu ambao hawawezi kunyanyuka kwenye kiti cha choo. Hawana ugonjwa wa kutisha, miguu imeisha tu. Wengi ni wanawake, na wengi walikuwa wembamba maisha yao yote wakasifiwa kwa hilo, maana huku wembamba ndio urembo, dunia imegeuzwa kichwa chini. Mwanamke mwembamba anaanza uzee na akiba ndogo ya msuli na ya mifupa. Akianguka nyonga inavunjika. Akilala kitandani inakuwa mbaya zaidi: mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliwalaza wazee 12 wenye afya njema siku 10 tu, na kila mmoja kwa wastani akapoteza karibu kilo nzima ya nyama ya miguuni. Siku kumi! Halafu sisi nyumbani mzee akiumwa kidogo tunamwambia asinyanyuke, tutakuletea kila kitu hapo hapo.

Na inarudi. Boston, mwaka 1990, waliwachukua wakazi 10 wa nyumba ya wazee, wastani wa umri miaka 90, wakawapa vyuma vya miguu kwa wiki 8. Nguvu zao za miguu ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na wawili waliokuwa wanatembelea fimbo waliziacha. Miaka 90! Wewe una 52 unaniambia umri umepita. Mabega ya kuli hayaji kwa bahati mbaya shangazi, mimi nayatafuta kwa miaka sasa na bado gauni langu la kitchen party linanienea.

Kwa hiyo msimamo wangu kuhusu hela nausema hadharani ili nisiulizwe mmoja mmoja. Hela ya vidonge, sharubati au sindano ya kunenepa haitatoka kwangu, iwe harusi, iwe Idi, iwe nini. Kopo la unga halitatoka. Trei la mayai kila wiki kwa yeyote kwenye ukoo anayetaka kujenga mwili, hilo nitalipa, na nimeshaongea na mwenye banda pale mtaani, mnachukua kwake na mimi namalizana naye. Wale vijana wawili wa makopo, tafuteni madebe manne ya rangi yaliyokwisha, mawili madogo na mawili makubwa, bomba la chuma la mita moja na nusu, na mfuko mmoja wa saruji. Fundi yeyote atawamwagia. Anzeni na madogo, mpimane kwa daftari, mnitumie daftari, siyo picha za vifua.

Na mtu akija likizo, mkaribisheni kwa "karibu" tu. Inatosha sana.

Haya, zamu inaanza saa moja na nusu na basi la huku halimsubiri mtu. Msalimieni bibi. Mwambieni aendelee na lile zoezi la kunyanyuka kwenye kiti bila kushika, sasa awe anafanya kumi na mbili.